Chanjo kwa Mwenye Maradhi ya Kudumu: Amri au Mashauri?

Kila serikali itangazapo kampeni ya chanjo, iwe ni ya surua au ya homa ya manjano, au ya UVIKO-19 kama ile iliyofunguliwa Tanzania tarehe 28 Julai 2021, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani, tangazo huwa ni moja kwa watu wote, kana kwamba miili yote imefinyangwa kwa udongo mmoja. Ilhali miongoni mwa wanaolisikia wamo waishio na virusi vya ukimwi, ambao aghalabu hubaki na swali lisilojibika kwa kipaza sauti: je, na mimi yanifaa? Asiyepata jibu hungoja, na anayengoja hutiwa upesi katika daftari la wakaidi na wajinga. Rai yangu ni kwamba hukumu hiyo ina dhuluma ndani yake, kwa kuwa swali lao ni la haki, na ilimu ya tiba yenyewe imelihangaikia miaka mingi bila kupata jibu moja linaloenea chanjo zote.

Ushahidi wa hayo haupo mbali. Kichomi kiletwacho na bakteria aitwaye nimokoka ni adui mkubwa wa mtu ambaye kinga yake imedhoofika, na kwa sababu hiyo matabibu wa Marekani na Ulaya walikuwa wakiwausia wenye virusi wachanjwe chanjo ikusanyayo aina 23 za bakteria huyo, wasia uliosimama juu ya kiasi na dhana kuliko juu ya yakini. Watafiti wa Entebbe, Uganda, walipoijaribu kwa watu wazima 1,392, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000, ilidhihirika kwamba waliochanjwa hawakukingika, bali kichomi kiliwapata zaidi kuliko wenzao waliodungwa sindano isiyo na dawa; na ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ukaongeza ajabu juu ya ajabu, kwani pamoja na wingi wa kichomi, vifo vya waliochanjwa kwa jumla vilikuwa vichache kuliko vya wenzao. Mwaka 2010 zikaja habari za Malawi, ambako chanjo ya sanaa nyingine, ile ambamo sukari ya gamba la bakteria hufungamanishwa na protini ili mwili uweke kumbukumbu iliyo madhubuti, ilijaribiwa kwa watu waliokwisha kuugua maradhi hayo wakapona, wengi wao wakiwa na virusi, na ikazuia takriban robo tatu ya marudio yaliyoletwa na aina za bakteria zilizokusudiwa. Adui ni yule yule na watu ni wa hali moja, lakini chanjo mbili zikatoa hukumu mbili. Basi lau mgonjwa wa Entebbe angelisita katika miaka ile, nani angekuwa na hoja ya kumwita mjinga?

Hata hivyo, shaka nayo ina mipaka yake, na aliye na shaka anastahili kuonyeshwa mipaka hiyo ilipo. Ziko chanjo zilizotengenezwa kwa vijidudu hai vilivyodhoofishwa, mathalani ya homa ya manjano, ya surua, na ile ya kifua kikuu iitwayo BCG. Na katika hizo ndimo hadhari ilimo kwa haki, kwa kuwa kijidudu kilicho dhaifu mbele ya mwenye siha huweza kupata nguvu mbele ya asiye na kinga. Ndiyo maana mwenye seli za kinga ziitwazo CD4 zilizopungua chini ya 200 katika kila mikrolita ya damu hazuiliwi chanjo ya homa ya manjano kwa chuki bali kwa kulindwa, ilhali yule ambaye hesabu yake imepanda juu ya hapo na hali yake ni njema aweza kuipata; na mtoto mchanga aliyethibitishwa kuwa na virusi hungojewa aanze dawa na kinga yake itengemae ndipo apewe BCG. Ama zile zisizo na uhai ndani yake, kama ya homa ya ini aina ya B, haziwezi kamwe kumletea mtu maradhi zinayoyakinga, na mushkeli wake ni mwingine kabisa: mwili uliodhoofika huitikia kwa uvivu, hivyo yamkini dozi iongezwe au irudiwe. Kwa hiyo hofu ya kudhurika na hofu ya kuchanjwa bure ni hofu mbili zenye tiba mbili, na anayezijibu zote kwa neno moja, "chanjo ni salama", huwa hajajibu hata moja.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha jambo, nacho ni sitara. Tutazame chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania iliieneza nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani liliridhia mwaka 2022 kwamba dozi moja yaweza kuwatosha wasichana walio wengi, uamuzi wa hekima kwa nchi zenye uhaba. Lakini likabainisha katika waraka ule ule kwamba wenye virusi vya ukimwi wapewe dozi zisizopungua mbili, na ikiwezekana tatu, nao ndio ambao wakiwa wanawake hatari yao ya kupata saratani hiyo ni takriban mara sita ya wengine. Sasa tumfikirie binti aliyezaliwa na virusi, anayekunywa dawa zake kila siku bila mwenziwe hata mmoja darasani kujua: muuguzi afikapo shuleni, binti huyo atachanjwa sawasawa na wote, atahesabiwa kuwa amekingwa, na ili adai dozi iliyobaki itambidi afichue mbele ya mstari wa wenziwe jambo ambalo mama yake amelihifadhi kama amana. Hakuna aliyemnyima haki yake, na bado haki haikumfikia.

Dawa ya hayo, kwa mtazamo wangu, ni kuupeleka uamuzi mahali ambapo siri ya mgonjwa tayari inajulikana na kutunzwa, yaani katika kliniki za tiba na matunzo, zile ambazo Watanzania huziita CTC, ambako faili la mgonjwa lipo, hesabu ya kinga yake ipo, na mshauri aliyemzoea yupo. Hapo chanjo isiwe ni amri inayopita na gari la matangazo, bali iwe ni sehemu ya mashauri ya kila hudhurio, ikiandikwa katika kadi pamoja na dawa: ipi amekwisha kupata, ipi inamfaa sasa, ipi asubiri na asubiri hadi lini.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba wahudumu wamekwisha kulemewa, na kwamba chanjo itolewayo kliniki za ukimwi itawatenga watu upya. Hoja ya kwanza ni nzito, na haiondoki ila kwa kuongeza watu na majokofu. Lakini ya pili naiona dhaifu, kwa kuwa mwenye virusi hatazuiliwa kuchanjwa popote apendapo, ila ataongezewa mlango mmoja ambao kwingine haupo. Fauka ya hayo, mashauri ya namna hii huzibana pande zote mbili: tabibu hatakuwa na ruhusa ya kumwita mgonjwa mkaidi kabla hajamweleza habari ya mwili wake, wala mgonjwa aliyekwisha kuelezwa kwa insafu hatakuwa na udhuru wa kujificha nyuma ya uvumi, hasa ule usemao kwamba chanjo hugombana na dawa za kufubaza virusi, hata wengine wakadhani ni lazima waache moja ili wapate nyingine, jambo lisilo na asili katika tiba. Akisha kuelezwa akakataa, kukataa huko kutakuwa ni ikhtiari yake na jukumu lake; lakini kabla ya kuelezwa, lawama yote ni ya aliyemwita achanjwe asimpe nafasi ya kuuliza.