Macho Yasiyojua Sentimita Hupunjwa

Wapo wanaodai kwamba kukadiria urefu kwa kidole au kwa shibiri ni ushamba, kwani rula zimejaa madukani. Dai hilo ni potofu. Mwanafunzi wetu hapa Uganda hukariri kwamba milimita 10 ni sentimita 1. Mwombe akuoneshe sentimita hiyo kwa vidole, huenda akakuonesha tatu. Hiyo si elimu, ni wimbo.

Kiswahili chenyewe kinatusuta. Kina wanda, yaani upana wa kidole. Futuri, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha shahada. Shibiri, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho. Na dhiraa, kutoka kisukusuku hadi ncha ya kidole cha kati. Waliotumia vipimo hivyo walikwenda sokoni na kipimo kisichosahaulika nyumbani.

Nasi tunavyo vyetu. Kadi ya benki ina urefu wa sentimita 8.6 na upana wa sentimita 5.4, unene wake haufiki milimita 1. Kizibo cha soda kina upana wa takriban sentimita 3. Betri ya saa ya ukutani ina urefu wa sentimita 5.

Je, milimita mbili zina uzito gani? Tazama nondo. Ukiuziwa ya milimita 10 kwa jina na bei ya milimita 12, chuma kimepungua kwa takriban asilimia 30, kwa kuwa eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo: 100 dhidi ya 144. Umepunjwa fedha, na nguzo ya nyumba yako imepunjwa nguvu. Panga nondo nne ubavu kwa ubavu, uweke betri kando yake. Za milimita 12 zitaukaribia urefu wa betri. Za milimita 10 zitabaki nyuma.

Sisemi tutupe rula. Nasema raia asiyeweza kukadiria hatajua ni lini adai rula iletwe. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Lakini macho nayo hufunzwa.

Zoezi: Pima wanda, futuri na shibiri yako kwa rula, uandike sentimita zake daftarini. Kisha kadiria urefu wa vitu vitano kabla ya kuvipima. Rudia hadi makosa yako yapungue.