UCHAMBUZI: Michoro haimwondolei mbunifu wa michezo mzigo wa kufikiri

Kampuni zinazounda mitambo ya kubuni michezo ya kompyuta zimefaulu kuwashawishi vijana wengi kwamba mtu anaweza kutengeneza mchezo bila kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Mnamo 2014, Epic Games ilitoa Unreal Engine 4 ikiwa na Blueprint, mfumo ambamo mtumiaji huunganisha visanduku kwa nyuzi kwenye skrini. Unity nayo ilinunua programu ya Bolt mnamo 2020 na kuijumuisha katika mtambo wake mwaka uliofuata.

Ni bayana kuwa hatua hizo zimewafungulia mlango wasanii na walimu waliotishwa na sarufi ya lugha za kompyuta. Hata hivyo, kinachowakwamisha wengi si sarufi bali mpangilio.

Chukulia mfano wa mlinzi wa ngome katika mchezo. Mwanagenzi humwekea alama tatu za ndiyo au la: anashika doria, anafukuza, amekufa. Alama hizo huzaa michanganyiko minane, ilhali inayoleta maana ni mitatu pekee. Mitano iliyosalia ni mitego. Ndiposa mlinzi aliyekwisha kuuawa huonekana akiendelea kumfukuza mchezaji.

Dawa ni kutenganisha hali na matukio. Mlinzi huwa katika hali moja tu kwa wakati mmoja, na huihama pale tu tukio mahususi linapotokea: kumwona adui, kumpoteza au kuuawa. Akishaingia katika hali ya kifo, hana njia ya kutoka.

Anayepuuza kanuni hii huishia na mamia ya visanduku vilivyosongamana kama utando wa buibui, asiweze kubaini hitilafu iko wapi.

Isitoshe, mitambo yenyewe haitabiriki. Godot, ambao hutolewa bila malipo, uliondoa mfumo wake wa michoro katika toleo la nne mnamo 2023, miaka mitano baada ya kuuanzisha. Mwaka uo huo, Unity ilitangaza ada mpya iliyotegemea idadi ya mara mchezo unaposakinishwa, ikazua ghadhabu, kisha ikaifutilia mbali mnamo 2024.

Aliyefunzwa kubofya vitufe vya mtambo mmoja pekee huachwa mikono mitupu mambo yanapogeuka. Aliyeelewa hali na matukio huhama na maarifa yake. Wanaopanga mafunzo ya vijana hawana budi kuanza na kalamu na karatasi kabla ya kuwasha kompyuta.