CV zetu si karatasi za kufungia karanga

Vijana wenzetu wa Shituru, Kikula, Panda na Likasi mjini, na ninyi wa Lubumbashi na Kolwezi,

Sisi wenye diplome bila kazi tunajua hesabu hii. Unatuma dosie kumi, majibu ni sufuri. Lakini sanduku la barua pepe halilali njaa. Zinaingia barua za watu usiowajua: kazi ya mgodini yenye mshahara wa ajabu, formasyo ya siku tatu, bursi ya kwenda Kanada. Mwisho wa kila barua wimbo ni mmoja: "Kazi iko, tuma tu makuta ya dosie." Dola 20, dola 30, kwa mobile money, leo hii.

Watu wengi wanasema ni intaneti, ndivyo ilivyo. Mimi nasema hapana. Barua nyingi kati ya hizo zinajua jina lako, fakilte uliyosomea na mji unamokaa. Hazikuokota hayo hewani. Kuna mahali yalitoka.

Tuangalie kilicho ndani ya dosie moja. Jina lote, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba na la mama, teritware ya asili, umeoa au hapana, avenyu na namba ya nyumba, namba ya simu, fotokopi ya diplome na fotokopi ya karte ya kupiga kura. Mtu mwenye karatasi hizo anaweza kujifanya wewe. Anaweza pia kumpigia mama yako na kumwambia umepata aksida. Na sisi tunazigawa kila wiki, kwa ofisi za kampuni, kwa wasu-tretansi, kwa ajansi za kutafutia watu kazi, hata kwenye mashine ya sibere ambapo faili linabaki baada ya wewe kutoka.

Nilisoma informatike, basi niliamua kutafuta mahali pa kutobokea. Nilinunua domeni yangu, yaani jina langu mwenyewe kwenye intaneti, lile linaloandikwa nyuma ya alama ya @. Domeni ya .com inapatikana kwa kama dola 10 mpaka 20 kwa mwaka. Iko pia .cd, ya nchi yetu, iliyokuja 1997 wakati jina la Zaire liliondoka na .zr ikaanza kuzikwa. Kisha kwenye seva niliwasha sanduku la kupokea yote: barua yoyote inayokuja kwenye domeni yangu inaingia, hata neno lililo mbele ya @ liwe nini. Sihitaji kufungua akaunti mpya kila siku. Nikipeleka CV kwa kampuni fulani, naandika jina la kampuni hiyo mbele ya @. Nikienda kwa ajansi nyingine, naandika jina la ajansi hiyo. Kila mlango una adrese yake, zote zinaishia kwenye sanduku moja.

Faida yake ni wazi. Adrese moja niliipa ofisi moja tu ya su-tretansi, kwa mkono, kwenye karatasi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Wiki tatu baadaye, kwenye adrese hiyo hiyo, iliingia barua ya "kazi Kolwezi" inayodai dola 25. Sikuhitaji mpelelezi. Adrese yenyewe ilisema ilipita wapi.

Lakini tuwe wa haki. Adrese inaonyesha njia, haionyeshi mwizi. Inawezekana mfanyakazi mmoja aliuza lisiti. Inawezekana ordinateri ya ofisi iliingiliwa, au dosie zilitupwa nje bila kuchanwa. Njo maana hatutaji jina la ofisi hapa. Ila kitu kimoja hakibadiliki: aliyepokea karatasi zangu alikuwa na kazi ya kuzilinda.

Njia hii ina bei yake pia. Sanduku linalopokea yote linapokea na takataka yote. Watuma barua taka wana programu zinazobahatisha: info, admin, contact, majina ya watu, maelfu kwa usiku mmoja. Kwenye sanduku la kawaida adrese isiyokuwepo inarudishwa mlangoni. Kwako yote yanaingia. Dawa zipo. Weka alama yako ya siri, herufi mbili au tatu, mbele ya kila adrese unayotoa, kisha ipe seva sheria: isiyo na alama hiyo iende pembeni. Adrese ikiungua, ifunge hiyo moja tu, zingine zinaendelea. Usijibu barua taka hata kwa matusi, maana jibu lako linawaambia kuna mtu nyumbani. Na kila baada ya siku mbili pitia folda ya taka, kwa sababu mwaliko wa kweli wa interviu unaweza kulala humo mpaka tarehe ipite. Kwa mtu anayetafuta kazi, hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Asiye na makuta ya domeni anaweza kuanza bure. Kwenye Gmail, weka alama ya + na neno lolote baada ya jina lako, kabla ya @. Barua itakufikia na neno hilo litaonekana. Ni kufuli dogo: mwizi mjanja anaikata hiyo +, na formulere zingine zinaikataa. Marafiki wanaweza pia kuchanga na kununua domeni moja. Hapo muulizane kwanza nani anashika ufunguo, maana anayetawala seva anaweza kusoma barua za wote.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Kwa nini mtu asiye na kazi njo anunue kufuli, wakati wanaoacha mlango wazi hawaulizwi kitu? Barua taka ni mzee kuliko sisi. Mwezi wa 5, 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital alituma tangazo la ordinateri kwa watu karibu 400 wa mtandao wa Arpanet huko Marekani. Mwaka 2004, Bill Gates alisema kule Davos kwamba shida hiyo itakwisha kwa miaka miwili. Mnaona wenyewe. Tekniki peke yake haikutosha kwa matajiri, haiwezi kututosha sisi. Tena namba ya simu haina ujanja huu. Huwezi kumpa kila patro namba yake.

Sheria tunazo. Katiba yetu ya 2006, artikle ya 31, inalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano. Kodi ya numerike, ordonansi-lwa namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inazungumzia data za mtu na mamlaka ya kuzilinda. Na majirani wameonyesha kwamba sheria inaweza kuuma. Kenya ilipitisha sheria yake ya data 2019. Mwezi wa 9, 2023, ofisi ya kamishna wa data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba zilizotoka kwa watu wengine ili kutuma vitisho. Kampuni ililipishwa. Raia hakuambiwa abadilishe namba.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu.

Moja: kila kampuni na kila ajansi inayopokea dosie Likasi ibandike mlangoni adrese yake ya kweli ya kazi, iseme nani anasoma CV, zinakaa muda gani na zinachanwa lini. Fotokopi ya karte ya kupiga kura idaiwe kwa aliyepata kazi, si kwa kila anayeomba.

Mbili: Leta itufungulie mlango wa malalamiko unaofikika na mtu wa Shituru, bila kulipa transpo mpaka Kinshasa.

Tatu: sisi wenyewe tuanze hapa nyumbani. Lisiti za saini na za mikutano yetu zina majina na namba za watu walioamini. Zikiisha kazi, zichanwe.

Wewe unayesoma, wiki hii toa adrese tofauti kwa kila mlango unaobisha, na andika tarehe. Barua ya udanganyifu ikija, usiifute: ihifadhi pamoja na adrese iliyoingilia. Mtu mmoja akileta barua moja wataita ni uvumi. Tukileta mia, zenye tarehe na adrese, itakuwa dosie. Na dosie hiyo, safari hii, tutaipeleka sisi na kungoja jibu.