Nani Mwenyeji, Nani Mgeni?

Bwana Mwandishi wa gazeti letu, nanyi ndugu wanachama wenzetu,

Twaomba nafasi katika kurasa hizi tuseme neno moja lisemwalo sana barazani na chini ya miembe, lakini halijapata kuandikwa. Neno lenyewe ni hili: mtu akidai bei ya mkazi, atauthibitishaje ukazi wake, na ni nani mwenye haki ya kumwambia, “Wewe si wa hapa”? Sisi tulioko Nkololo, katika wilaya ya Bariadi, twaliona jambo hili kila juma, kwa maana kwa upande mmoja sisi ni waombaji, na kwa upande wa pili ndisi tushikao kalamu na muhuri.

Kwanza tuseme wazi, asije mtu akatugeuzia maneno. Hatupingi mwenyeji kupunguziwa bei. Ni desturi ya haki. Tazameni Serengeti, ambayo ni jirani yetu. Katika orodha ya ada ya miaka ya 2016 hadi 2018, mtu mzima mgeni alilipa dola 60 kwa kuingia, na raia wa Afrika ya Mashariki alilipa shilingi 10,000, na mtoto wake wa miaka 5 hadi 15 shilingi 2,000, mbali na kodi ya ongezeko la thamani. Haya si hisani. Nchi ile ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1951, na Pori la Akiba la Maswa likawekwa mwaka 1962, na wazee wa upande huu waliambiwa wasichunge tena wala wasiwinde mahali walipokuwa wakichunga na kuwinda. Tena hata leo tembo atokapo porini hali mtama wa mtalii, hula wa mkulima. Basi mkulima huyo akitaka kwenda kumtazama tembo kwa utulivu, si dhuluma kumtoza kidogo.

Wala hatupingi kuulizwa. Penye bei mbili hapana budi pawe na ushahidi, la sivyo kila mtu atajiita mwenyeji. Tunalopinga ni ushahidi wenyewe ulivyofanywa: ni mwingi mno, haulingani, na mzigo wake wote umetwikwa kichwani mwa mtu yule yule ambaye punguzo liliwekwa kwa ajili yake.

Fanyeni hesabu, ndugu, maana sisi ni watu wa hesabu. Katika miaka ile dola moja ilikuwa kadiri ya shilingi 2,200, basi dola 60 ni kama shilingi 132,000. Walimu ishirini wakiingia kwa bei ya raia wanalipa shilingi 200,000. Wakiingia kwa bei ya wageni wanalipa zaidi ya shilingi 2,600,000. Tofauti hii yote, ambayo ni mishahara ya watu kadha wa kadha, inaning'inia juu ya kipande kimoja cha karatasi au cha plastiki. Kitu chenye uzito namna hiyo chapasa kupatikana kwa urahisi na kwa njia moja ijulikanayo na wote.

Je, chapatikana hivyo? Sheria ya kuandikisha na kutambua watu ilitungwa mwaka 1986. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ikaundwa mwaka 2008. Kitambulisho chenyewe kilizinduliwa na Rais Kikwete tarehe 7 Februari 2013. Tangu sheria hata kadi ya kwanza ni miaka 27. Mtoto aliyezaliwa siku sheria ilipopita alikuwa ameoa na kupata watoto wake. Tena hata baada ya hapo, wengi walipewa namba, na kadi ikakawia. Mtu alikwenda na namba yake yenye tarakimu 20 ameiandika katika kijikaratasi. Ilipofika Januari 2020 laini za simu zisizoandikishwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa, na namba ile ile ikakubaliwa kuwa ushahidi wa kutosha. Basi twauliza: ikiwa namba yatosha kumtambulisha mtu katika simu, ambayo hupitisha fedha zake zote, kwa nini afisi nyingine imwambie, “Namba siitaki, lete kadi”? Serikali ni moja. Haifai mkono wa kulia uukane mkono wa kushoto.

Sasa na tutazame neno “mkazi” kwa mfano wa hapa petu. Zamani za Waingereza nchi hii ya Ntuzu ilihesabiwa katika wilaya ya Maswa. Baadaye ikawa Bariadi, katika mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Simiyu. Basi yuko mzee hapa Nkololo ambaye hajahama nyumba yake hata hatua mia, lakini cheti chake cha ubatizo kimeandikwa Maswa, karatasi zake za ushirika wa pamba zimeandikwa Shinyanga, na kitambulisho chake kimeandikwa Simiyu. Akifika mbele ya karani mgeni mwenye haraka, huonekana kuwa mtu wa mahali patatu, yaani mtu asiye na mahali. Mzee hakuhama. Mipaka ndiyo iliyohama, na waliyoihamisha ni watu wa afisi. Je, ni haki mzee yule alipe nauli ya kwenda Bariadi mjini, na kurudi, na kwenda tena, ili aeleze kazi ya kalamu isiyokuwa yake?

Mfano wa pili ni sisi wenyewe watumishi. Mtumishi wa serikali haendi atakako, huenda apelekwako. Mwenzetu aliandikishwa Songea, akahamishiwa Nkololo. Amekaa miaka sita. Amekodi shamba, amelima pamba, amezika mtoto hapa. Siku ya kudai haki ya mkazi huambiwa, “Karatasi zako ni za Songea, rudi kwenu.” Akirudi Songea huambiwa, “Wewe hukai hapa, nenda unakofanya kazi.” Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe amelishika mwaka wa sita sasa, na bado aitwa mgeni! Tunalitaja jambo hili kwa sababu si dogo. Ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa mwezi wa Agosti 2022, na mfuko wa DAP wa kilo 50 ukashuka hata shilingi 70,000, mkulima alitakiwa aandikishwe kijijini. Asiyehesabiwa kuwa mtu wa kijiji hakuwa na pa kuandikishwa, ajapokuwa ana ekari tano zenye mazao.

Tena iko barua. Ninyi nyote mwaijua barua ya utambulisho, ile ya mtendaji wa kijiji. Barua hii imekuwa ufunguo wa kila mlango: kufungua hesabu benki, kudhamini ndugu, kuomba kitambulisho chenyewe. Lakini mahali pengine haitoki bila “mchango”, na mchango huo hauna stakabadhi. Mahali pengine mwombaji huulizwa kwanza kama amemaliza madeni yote ya kijiji. Mahali pengine barua ya miezi mitatu iliyopita huitwa kuukuu, kana kwamba mtu aliyekuwa mkazi mwezi wa Machi huwa ameyeyuka mwezi wa Juni. Twasema bila kificho: barua inayouzwa si ushahidi wa ukazi. Ni ushahidi wa kwamba mtu alikuwa na shilingi elfu tano. Mgeni tajiri ataipata asubuhi, na mwenyeji maskini ataikosa hata jioni.

Ubaya wa mwisho, nao ndio mbaya kuliko wote, ni kumpima mtu kwa sura na ulimi. Tumesikia katika afisi moja mtu akiambiwa, “Kiswahili chako si cha Mtanzania.” Aliyeambiwa hivyo ni Msukuma, ambaye Kiswahili alikikuta shuleni akiwa na miaka minane. Kama lafudhi ingekuwa sheria, basi nusu ya nchi ingekuwa nje ya mpaka.

Wako watakaotujibu hivi: “Asiye na hila haogopi kuulizwa, tena wadanganyifu ni wengi.” Ni kweli wadanganyifu wako. Lakini fikirini, ni nani anayezuiwa na mlolongo huu? Mdanganyifu ana muda, ana fedha, na ana rafiki afisini. Anayezuiwa ni bibi asiyejua kusoma, na mtumishi aliyepewa ruhusa ya siku moja tu. Wavu uwanasao dagaa na kuwapitisha sangara si wavu wa kujivunia.

Wengine watasema: “Mambo haya ni madogo, ni shilingi chache tu.” Historia yatuonya. Katika Kenya ya wakoloni, sheria ya mwaka 1915 ndiyo iliyoleta kipande, na Mwafrika akalazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, mpaka kilipofutwa mwaka 1947. Kilianza kwa maneno matamu ya utaratibu, kikaisha kuwa mnyororo. Hapa kwetu stakabadhi ya kodi ilikuwa ndiyo mtu: asiyekuwa nayo alishikwa njiani. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003. Na Zanzibar, kabla ya uchaguzi wa 2010, aliyetaka kuandikwa katika daftari la wapiga kura alitakiwa awe na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na njia ya kukipata ilipita kwa sheha. Mwaka 2009 uandikishaji ulisimamishwa huko Pemba kwa sababu ya malalamiko ya watu waliosema wamenyimwa vitambulisho. Basi neno la nani mkazi halibaki kuwa neno la shilingi chache. Leo ni bei ya kuingia mbugani, kesho ni kura.

Tunaomba nini? Hatuombi huruma. Twaomba mambo manne, na yote yawezekana.

Kwanza, namba ya kitambulisho itakapotazamwa na kuonekana ni ya kweli, ikubaliwe kila mahali sawa na kadi, na mwenye namba asitozwe bei ya mgeni kwa kosa la kadi kukawia.

Pili, rejista ya wakazi itumike. Kuitunza ni kazi mojawapo ya mwenyekiti wa kitongoji. Hapa Usukumani banamhala na sungusungu humjua mgeni kabla jua halijatua. Humjua na ng'ombe wake pia. Ujuzi huu ukiandikwa vema katika daftari, mtu hana haja ya kununua barua kila miezi mitatu. Afisi inayotilia shaka na imwulize mwenye rejista. Isimtume mwananchi kuwa tarishi wake.

Tatu, barua ya utambulisho itolewe bure, na tangazo la neno “BURE” libandikwe mlangoni kwa herufi zisomwazo na aliye njiani.

Nne, mtumishi aliyehamishwa ahesabiwe mkazi wa kituo chake tangu siku aliyoripoti. Serikali yamjua. Ana cheki namba, kituo chake kimeandikwa, na mshahara wake hauendi Songea ila yeye akiupeleka. Mwaka 2017 Serikali ilipotaka kujua vyeti vya watumishi wake ilivichambua hata ikawapata watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Iliyoweza kulijua hilo haishindwi kujua kwamba fulani anafanya kazi Nkololo.

Neno letu la mwisho ni kwenu, ndugu wanachama, wala msiliudhikie. Kila muhuri tuliousema una mkono wa karani. Mkubwa akiamuru jambo jema, likafia mezani petu, mwananchi hatamlaumu mkubwa. Chama chetu hudai mishahara, nyumba na nauli za uhamisho, nasi twaunga mkono. Lakini chama kisichothubutu kumwambia mwanachama wake, “Acha kuuza barua,” kitadai haki kwa sauti ya kukauka, na hakuna atakayekisikiliza. Kwa hiyo twashauri mkutano ujao wa tawi upitishe azimio: mwanachama atakayethibitika kupokea fedha kwa barua ya utambulisho aondolewe katika chama, na jina la kijiji chenye rejista iliyo safi litangazwe katika gazeti hili kwa sifa. Walio na maoni mengine na watuandikie humu humu. Wakitushinda kwa hoja tutawashukuru, mradi waje na hoja, wasije na cheo.

Sisi wenzenu katika kazi,
Makarani wa Nkololo.