Umeanza kukimbia? Punguza kasi ndipo ufike Desemba

Kila Jumamosi asubuhi mitandao hujaa picha za vijana wa Nairobi wakiwa na raba mpya, jasho usoni, saa ya mkononi ikionyesha kilomita walizokimbia. Vikundi vya mbio vimechipuka kila pembe ya jiji. Ni jambo la kupongezwa. Lakini hebu nikuulize wewe uliyeanza Januari: raba zako ziko wapi sasa hivi?

Zangu zilikuwa chini ya kitanda. Nilianza mara mbili, nikaacha mara mbili. Mara ya kwanza nilijitosa kilomita tano bila kupumzika. Siku nne zilizofuata nilishuka ngazi za ploti kinyumenyume. Nikajiambia, basi mimi ni mtu wa kuacha mambo, hata chuo niliachia mwaka wa pili.

Sikufichi, nilikuwa najidanganya. Tatizo halikuwa uvivu. Sisi Wakenya tumekua tukitazama mabingwa. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago mwaka 2023, saa 2:00:35, alikuwa akimaliza kila kilomita kwa chini ya dakika 3. Tunachosahau ni kwamba hao hao mabingwa wa Iten na Kaptagat, siku za mazoezi mepesi, hukimbia polepole huku wakipiga gumzo. Sisi tunaiga siku ya mashindano, zile zingine zote tunaziruka.

Mwili nao una hesabu yake. Pumzi huzoea mapema, lakini mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana wiki ya tatu unajiona simba, wiki ya nne miguu inauma, ya tano umeacha.

Mara ya tatu nilibadilisha mpango. Dakika 20 tu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Nakimbia dakika moja, natembea mbili. Nikishindwa kuongea sentensi nzima, napunguza mwendo. Raba naziweka mlangoni usiku ili asubuhi nisipate kisingizio. Nikikosa siku moja, silipizi kwa kukimbia mara mbili. Nangoja siku inayofuata. Huu ni mwezi wa saba, na sasa namaliza dakika 30 bila kutembea.

Lakini nidhamu peke yake haitoshi, na hapa ndipo suala hili linatuhusu sote. Utakimbilia wapi? Anayeishi karibu na Karura ana kivuli na njia tulivu, ingawa langoni analipa. Msitu wenyewe upo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikataa unyakuliwe miaka ya 1990. Huku kwetu Eastlands, njia ya miguu ikiwepo, utaipata imejaa vibanda, bodaboda na mitaro isiyofunikwa. Ukishuka barabarani unapambana na matatu, na tunajua waendao kwa miguu ndio wanaouawa zaidi kwenye barabara zetu. Dada yako naye atatokaje saa kumi na moja alfajiri kama taa za mtaa hazimuliki?

Kwa hivyo mwanasiasa akija mtaani kuomba kura ya 2027, usimuulize tu kuhusu kazi. Muulize kuhusu taa, njia za miguu na viwanja vilivyonyakuliwa. Kijana akikosa mahali pa kukimbia, usimwambie amekosa motisha.

Wakati tukingoja majibu, tafuta uwanja wa shule ulio karibu, omba ruhusa, nenda na rafiki. Anza na dakika 20. Kimbia polepole mpaka mama mboga akucheke. Wangu alinicheka sana mwanzoni. Siku hizi nikikosa kupita Jumanne, huniuliza, "Kijana, kwani leo ni mgonjwa?"