Kidole cha Mnyapara

Apitaye Chang'ombe, jijini Dar es Salaam, alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya viwanda, huwakuta watu waliotoka Mbagala, Tandika na Yombo wamesimama mbele ya lango lililofungwa, kila mmoja na kifuko chake cha chakula mkononi, wakimngoja mnyapara atoke anyooshe kidole: wewe, na wewe, na yule wa nyuma. Wasioitwa hurejea makwao na nauli ya siku imekwisha kwenda bure. Nimezungumza na wengi wao, na jambo lililonigusa ni kwamba, ijapokuwa ujira wenyewe ni haba, aghalabu malalamiko yao hayaanzi na ujira. Huanza na kile kidole, ambacho jana kilimchagua jirani na leo kimemchagua tena, bila mtu kuambiwa kwa nini.

Mnyonge hustahimili uchache madhali anaiona mizani. Asichostahimili ni kupimiwa gizani. Habari hii ni kongwe katika mji wetu. Chama tawala cha wakati ule, TANU, kilipotoa waraka wake wa Mwongozo mwaka 1971, na kifungu chake cha 15 kikawakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu, wafanyakazi wa Dar es Salaam walikishika kifungu hicho kama hati yao wenyewe. Na katika migomo iliyofuata, ambayo mwanazuoni wa sheria Issa Shivji ameieleza kwa kirefu, mingi ilizuka zaidi kwa sababu ya matusi na ubabe wa wakubwa wa kazi kuliko kwa sababu ya mshahara, hata mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakitwaa kiwanda chenyewe. Watu hao hawakuwa wavivu, kama walivyosingiziwa na baadhi ya mameneja. Walitaka kusemeshwa kama watu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imelitambua jambo hilo, na katika hili naisifu bila kusita, kwani kifungu cha 37 hakikutosheka na kumdai mwajiri sababu ya haki anapomwachisha mtu kazi, bali kimemdai pia utaratibu wa haki, na aliyedhulumiwa amepewa siku 30 za kulifikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Walakini kifungu cha 35 kimemtoa katika hifadhi hiyo kila ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri mmoja. Basi kibarua wa langoni, aitwaye leo na kuachwa kesho, asiye na karatasi yoyote ya kuthibitisha siku alizofanya, ataihesabu vipi hiyo miezi sita? Yeye ndiye mwenye haja kubwa ya kuelezwa sababu, naye ndiye ambaye hakuna adaiwaye kumweleza neno. Naona Bunge lina wajibu wa kukitazama upya kifungu hiki.

Najua mwenye kiwanda naye ana udhuru: kazi hupanda na kushuka, na hawezi kuwachukua wote kila siku. Hakuna amwombaye hilo. Anaombwa daftari lenye majina na zamu, lisomwe kwa sauti langoni, na ovataimu igawanywe kwa hesabu inayoonekana, isiwe tunu ya kuwapa jamaa wa mnyapara.

Hapo Keko, penye mafundi wa samani, yupo mzee mmoja mwenye karakana ya vijana saba ambaye kila oda inapoingia huandika kwa chaki, juu ya kipande cha ubao kilichopigiliwa mlangoni, jina la ambaye zamu imemfikia na fungu lake la malipo. Vijana wale hulipwa kidogo, nao husema hivyo waziwazi mbele yake. Lakini mvua ya masika ikiifuta ile chaki, mzee hahitaji kuagiza mtu. Wao wenyewe huyaandika majina upya, kwa mpangilio uleule, kabla hajafika.