Mgeni njoo, mwenyeji apone

Mwanzoni mwa 2025, wiki chache baada ya Rais Donald Trump kutia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, mhubiri mmoja alitutaka tuinamishe vichwa tuombe. Akawaombea wagonjwa, akawaombea wajane, akaombea mvua. Kisha akaongeza: Mungu awalainishie mioyo wafadhili wetu, wasituache. Kanisa zima likaitikia "Amina!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia siku tunapoombewa tupate viongozi waadilifu.

Sina ugomvi na maombi. Ugomvi wangu ni ile imani iliyojificha ndani ya sala ile, nayo haiko kanisani peke yake. Iko misikitini, iko vijiweni na redioni, na imeshamiri zaidi kwenye kumbi za hoteli ambako watu hujadili mustakabali wa afya duniani huku jicho moja liko mlangoni kuangalia kama chai ya saa nne imefika. Imani yenyewe ni kwamba afya ya Mwafrika ni kitu cha kuletwa. Inatoka Washington, Geneva au London, inashushwa bandarini, na kazi yetu sisi ni kupokea, kushukuru na kupiga picha mbele ya bango. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Huo ni uongo, na wengi wanaoueneza wanajua kuwa ni uongo.

Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja kuzungumzia UKIMWI, kifua kikuu na maradhi mengine ya kuambukiza. Wakaahidi kwamba kila nchi itatenga angalau asilimia 15 ya bajeti yake ya mwaka kwa ajili ya afya. Hakuna aliyewashikia fimbo. Waliandika wenyewe, wakasaini wenyewe, wakapigiana makofi wenyewe. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule leo ni mtu mzima, huenda ana mtoto wake anayepelekwa kliniki. Nchi zilizowahi kufika asilimia 15 unazihesabu kwa vidole, na baadhi yake zilifika mwaka mmoja, mwaka uliofuata zikateremka.

Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo la afya yetu ni Trump, namuuliza: Trump alisaini Abuja?

Sibezi kilicholetwa. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, alioanzisha Rais George W. Bush mwaka 2003 umeokoa mamilioni ya watu, na wapo ninaowasalimia kila asubuhi ambao bila dawa zile ningewazika zamani. Lakini nendeni mkaone msaada unavyokaa kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Zahanati moja ninayoifahamu, nje kidogo ya mji, ina makabati mawili. La kwanza ni la chuma, lina kufuli, lina stika ya mradi. Ndani dawa za kufubaza virusi zimepangwa kwa tarehe za kuisha muda, na rejista yake imejazwa mstari kwa mstari, maana mradi unadai ripoti. La pili ni la mbao. Mlango wake umeng'oka bawaba moja na umeegeshwa tu. Siku niliyompeleka shangazi yangu mlikuwa na boksi la glovu lililobaki nusu na chupa ya spiriti. Shangazi ana presha. Muuguzi, binti mwenye heshima zake, akamwandikia dawa kwenye daftari ambalo shangazi mwenyewe alikuja nalo kutoka nyumbani, akamwambia, "Mama, utanunua pale duka la dawa, karibu na kituo cha daladala. Huku hatujaletewa."

Hatujaletewa! Presha haina mfadhili, basi presha haina dawa. Kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia imebandikwa karatasi inayomtaka kila mjamzito aje na glovu, pamba, wembe, uzi na mpira wa kulalia. Kwa miaka yote hiyo mgeni amenunua kabati la chuma na kulijaza. Mwenyeji ameshindwa bawaba.

Hapo utaambiwa, "Lakini ndugu mwandishi, sisi ni nchi maskini, pesa tutatoa wapi?" Naipenda hoja hii kwa sababu inajivunja yenyewe. Trump alifunga bomba Januari 2025. Februari, Bunge la Nigeria likaongeza dola milioni 200 kwenye bajeti ya afya ili kuziba pengo. Wiki chache tu! Pesa ambazo kwa miaka hazikuwepo zikapatikana kabla pazia la mgeni aliyeondoka halijafuliwa. Zilikuwa zimelala wapi?

Na tusidanganyane kuhusu umaskini. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia alifariki Paris mwaka 2008. Michael Sata, wa Zambia hiyohiyo, London mwaka 2014. Robert Mugabe wa Zimbabwe alifia Singapore mwaka 2019. Muhammadu Buhari wa Nigeria, London, Julai 2025. Mungu awarehemu wote. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeandikiwa dawa kwenye daftari akaambiwa akanunue kituoni. Mtu anayejua kwamba akiumwa atapanda ndege hawezi kuiona bawaba iliyong'oka, na wala simlaumu macho yake. Namlaumu aliyempigia kura mara mbili.

Halafu kuna mashangingi. Nilikwisha kuandika juu ya mashangingi na nitaendelea kuandika hadi mhariri achoke. Msafara wa kwenda kuzindua choo cha zahanati unakuwa na magari mengi kuliko matundu ya choo chenyewe. Kuna na semina: semina ya kujenga uwezo, warsha ya kutathmini semina, kikao cha kuandaa warsha. Misaada ilipokatwa, kilio cha kwanza nilichokisikia mjini hakikuwa cha wagonjwa. Kilikuwa cha posho.

Mzee mmoja pale kijiweni alinionya: "Kijana, usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Busara kubwa. Lakini mzee wangu, hicho ni kijiji gani ambacho uzazi haukomi, na mkunga wake analipwa mshahara na kijiji cha jirani? Siku jirani kaamka na hasira zake, kamwita mkunga arudi nyumbani, nasi tumeshika tama tunamlaani jirani. Mwenzake akadakia, "Msijali, Mchina atakuja." Kweli, Mei 2025 China iliahidi dola milioni 500 kwa Shirika la Afya Duniani katika miaka mitano. Tumepata mgeni mwingine. Tandikeni mkeka.

Na huko kwenye meza kubwa tunakaaje? Mwezi huohuo wa Mei, Geneva, nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha mkataba wa kujikinga na majanga ya maradhi. Tulikuwa na kila sababu ya kuingia mle tukiwa tumekasirika. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walikitambua kirusi cha Omicron, wakaitangazia dunia kwa uaminifu, na zawadi waliyopewa ni kufungiwa safari za ndege. Sasa mkataba unasema viwanda vitakavyoshiriki vitaliwekea Shirika la Afya Duniani asilimia 20 ya chanjo na dawa zinazotengenezwa wakati wa janga, na angalau nusu yake, yaani asilimia 10, iwe ya bure. Wajumbe wetu walirudi wakiuita huo ushindi. Yaani janga lijalo, halijazaliwa hata jina, sisi tumeshajiandikisha kwenye foleni ya msaada.

Kiwanda tulikuwa nacho. Kampuni ya Aspen ya Afrika Kusini ilipata leseni ya kutengeneza chanjo ya UVIKO na kuiuza barani kwa jina lake yenyewe. Hii ilikuwa baada ya Umoja wa Afrika kutangaza, mwaka 2021, kwamba kufikia 2040 asilimia 60 ya chanjo tunazotumia zitengenezwe hapa hapa. Kufikia katikati ya 2022 Aspen ilikuwa haijapata oda hata moja. Hata moja! Mitambo ipo, wafanyakazi wapo, mnunuzi hayupo, kwa sababu mnunuzi alikuwa amezoea za kupewa. Hapo mtanitajia ukoloni mamboleo, nami nitawauliza ni mkoloni gani aliyeshika mkono wa waziri asisaini karatasi ya oda.

Agosti 2025 Rais John Mahama wa Ghana aliwaita wenzake Accra kuzungumzia Afrika kujitegemea kwa afya. Hotuba zilikuwa tamu. Za Abuja nazo zilikuwa tamu.

Ila kilichonikera zaidi ni cha Desemba 2025. Mgeni alirudi, safari hii na mkataba mkononi. Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano ya afya ya miaka mitano: Marekani itoe hadi dola bilioni 1.6, na Kenya iongeze matumizi yake yenyewe ya afya kwa dola milioni 850. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Nairobi ikasimamisha kipengele cha kupeana taarifa za wagonjwa, na watu wakabishana juu ya taarifa hizo, wala hawakukosea. Mimi nilibaki kwenye zile milioni 850. Wakenya wameidai serikali yao pesa hizo tangu Abuja, madaktari wamegoma, mama wajawazito wamelala wawili kitanda kimoja. Mmarekani amedai mara moja, na kalamu ikatoka mfukoni.

Kwa hiyo pesa zipo. Zinamsubiri anayeogopwa.

Juni, bajeti zetu zitasomwa. Usisubiri uchambuzi wa kina, wala usiniulize mimi. Tafuta mstari wa afya, ugawanye kwa jumla ya bajeti, mpigie mbunge wako simu umsomee asilimia uliyoipata, kisha muulize ile 15 iko wapi. Akianza kukueleza habari za wafadhili, kata simu, na jina lake lihifadhi hadi uchaguzi.